Bamba Chini ya Mtungi

Mwezi uliopita nilikwenda Kitahana kumwona shangazi, dada yake baba, ambaye sasa ndiye anayekaa kwenye nyumba ya marehemu bibi. Utotoni safari ile nilikuwa nikiimaliza na vumbi mpaka kwenye kope. Safari hii, juu ya lami, niliimaliza nimelala usingizi. Shangazi alinipikia ugali wa muhogo na maharage yenye mawese, kisha akaniomba nimsaidie kuuhamisha mtungi wa maji, maana sakafu upande ule imeanza kutitia. Nilipounyanyua, chini yake nikaona bamba la chuma, pana kama sinia, lenye tundu kubwa katikati na matundu madogo kumi kuzunguka ukingo. Kitako cha mtungi kilikuwa kimekaa ndani ya lile tundu kubwa, kimetulia kama kilichozaliwa humo.

Bamba lile halikutengenezwa kwa ajili ya mtungi. Lilitengenezwa Kasulu, nikiwa na miaka kumi na mmoja, ili kuunganisha injini ya pikapu na giaboksi ya gari la mbio. Halikufaa kazi hiyo, na sababu ya kutofaa naijua. Jambo hili nimekaa nalo miaka mingi bila kumwambia mtu. Wewe hunijui, kwa hiyo nitakuambia.

Baba alikuwa na gereji kando ya barabara iendayo Kabanga. Gereji ni jina la heshima tu. Palikuwa na mabati juu ya nguzo sita za mikaratusi, na shimo la kuingia fundi kukagua gari kwa chini. Walikuja pale watu wa malori, madaktari na walimu waliohamishiwa kwetu kutoka mikoa mingine, na madereva wa magari meupe ya kambi ya wakimbizi. Aliyemsaidia baba kuchomelea alikuwa Mkongo kutoka kambi ya Nyarugusu, aliyekuja kwa kibali cha siku na kuondoka mapema ili asikutwe njiani. Asubuhi zetu zilikuwa na baridi ya milimani, na sauti ya kwanza niliyoisikia kila siku kabla ya jogoo wa jirani ilikuwa tupa ya baba ikilamba chuma.

Mama alifariki kabla sijaanza shule. Nyumbani tulikuwa watatu: baba, bibi na mimi. Bibi alitoka Kitahana kuja kunilea, akaja na kazi yake ya ufinyanzi. Alipata udongo bondeni, na kila nikitoka shule nilimkuta ameshanitengea zamu yangu: kukanyaga udongo, kutwanga vigae vya kuchanganyia, kugeuza vyungu vibichi ili vikauke pande zote. Majirani walitutania kwamba mfinyanzi hulia gaeni, kwa sababu chungu chetu cha mboga kilikuwa na ufa. Bibi hakujali. Yeye alikuwa na methali yake moja, udongo uwahi ungali maji, na alinisomea kila nilipokosa adabu.

Alikuwa pia na mwiko mmoja. Mwanamume hakaribii udongo wa vyungu. Akiukaribia, alisema, vyungu vitapasuka motoni. Kwa hiyo baba alikulia nyumba ya mfinyanzi bila kuugusa udongo. Dada yake alikanyaga na kutwanga, yeye alikuwa machungani. Shika neno hilo, maana ndilo lililotuponza.

Siku moja lori lilileta kitu kilichofunikwa turubai. Mwenyewe alikuwa muuza duka wa Kibondo, mtu wa Tanga, mpole, kanzu yake haijawahi kuona doa. Turubai lilipovuliwa tukaona gari la milango miwili, limelala chini chini, boneti ndefu kuliko sehemu ya kukaa watu. Lilikuwa la marehemu baba yake, aliyelikimbiza ujanani huko pwani. Kulipeleka kwenye barabara zetu kulikuwa sawa na kwenda shamba na viatu vya harusi, lakini tajiri yule alitaka kulisikia likiunguruma tena. Injini yake ilikuwa imepasuka na vipuri vyake havikutengenezwa tena popote. Alikuwa amenunua injini ya pikapu iliyopinduka, akataka baba aipachike humo.

"Fundi, mimi sina haraka na gari," alimwambia baba huku akinywa chai kwenye kikombe chetu kizuri. "Mwenye haraka ni kaka yangu. Ana karakana kubwa Dar es Salaam na anatafuta fundi wa kuchonga vipuri. Likifika Kibondo kwa miguu yake kabla ya mwezi kwisha, nafasi ile ni yako."

Niliona masikio ya baba yakisimama. Usiku ule hakula vizuri. Kesho yake nilimsikia akimwambia bibi kwamba atatangulia peke yake, kisha atatuita. Baba yao watoto wa jirani naye alikuwa ametangulia vile vile. Alituma barua mbili na redio moja, na baada ya hapo hakutuma tena kitu. Redio ile iliimba nyumba ya pili kila jioni, na mimi niliichukia.

Sitakuficha kwamba kazi yenyewe ilinipendeza. Injini ya pikapu haikutaka kukaa pale, basi baba akaitengenezea vikalio vipya kutoka kwenye bamba la springi ya lori. Bomba la moshi alilitoa kwenye bomba la maji: alilijaza mchanga, akaziba ncha zote mbili, akalipasha moto kwenye mkaa na kulikunja taratibu ili lisibonyee. Boneti ikakataa kufunga kwa sababu injini ilikuwa ndefu mno. Akaikata boneti katikati, kisha akagonga madebe mawili ya mafuta ya kula kutoka kambini mpaka yakawa nundu, akayachomelea juu. Kwa ndani ya nundu ile maandishi ya debe yalisomeka. Muuza duka alipoyaona alicheka mpaka akashika kofia yake.

Likabaki bamba. Injini ni ya gari moja na giaboksi ni ya gari lingine, na matundu ya bolti hayafanani, kwa hiyo katikati lazima kiwepo chuma cha kuzipatanisha. Chuma kinene cha kutosha kilipatikana kimoja tu Kasulu nzima, kitako cha mashine ya kusaga iliyokufa. Mkongo alishauri wachore matundu kwenye boksi la katoni. Katoni ikalowa oili na kuchanika. Ndipo baba akapata wazo lake. Akaja kwa bibi, akasimama mbali kidogo kama mgeni, akaomba bonge la udongo. Bibi alifikiri, akampa, akarudi kwenye chungu chake.

Baba aliutandaza udongo kama chapati nene na kuubandika kwenye uso wa injini. Ukatoka na alama za kila tundu, safi kabisa, na ukingo wote. Akafanya hivyo hivyo kwa giaboksi. Alifurahi kama mtoto. Alitaka chapa zile zikauke ziwe ngumu, apate kuzilaza juu ya chuma na kukwaruza pembeni yake. Akaniwekea juu ya ubao, akasema, "Kaanike juani, mwanangu. Polepole."

Nilijua. Vidole vyangu vya miguu vilikuwa na udongo ule ule wakati ananiambia. Nilikuwa nimegeuza vyungu mamia, na nilijua kwamba chungu unachokitaka kiwe na ujazo wa debe lazima ukifinyange kwa ujazo wa debe na bakuli, kwa kuwa udongo ukikauka hupungua. Neno lilinifika mdomoni. Nikafikiria redio ya jirani, nikalimeza. Nikaenda, nikazianika juani.

Nilipotoka shule kesho yake nilikuta zimehamishwa. Zilikuwa kivulini, kwenye uchanja wa bibi, katikati ya vyungu vyake, zimefunikwa nyasi. Bibi alikuwa akizigeuza. Nikadhani anamsaidia mwanawe, nikazidi kuona aibu. Siku tatu baadaye baba alizichukua zikiwa ngumu, laini, hazina hata ufa wa unywele, akamsifu mama yake.

Kulikata bamba kulichukua siku nne za msumeno na drili ya mkono. Viganja vyake vilipasuka. Nilimpaka mawese jioni. Muuza duka alikuja kushuhudia likifungwa. Baba akalishikilia, Mkongo akaleta bolti ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Shefu," Mkongo alisema baada ya kujaribu bolti zote, "bulo zote zinakataa. Hata moja haiingie."

Bamba lilikuwa dogo kwa upana wa kidole. Huwezi kutoboa upya, kwa sababu matundu ya kweli yangeangukia nje ya ukingo, hewani. Baba alichukua chapa kavu akairudisha kwenye uso wa injini, akaona haifiki tena ukingoni. Kisha akaibeba mpaka nyumbani, nami nikimfuata nyuma.

"Mama," alisema, "udongo hupungua ukikauka?"

"Hupungua," bibi alijibu, mikono ingali ndani ya chungu.

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniomba udongo, nikakupa. Maneno hukuniomba."

Baba akanigeukia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo baya. "Na wewe ulijua?"

"Sikujua, baba."

Bibi aliinua uso, akanitazama, akatazama miguu yangu iliyojaa udongo. "Mtoto atajuaje," alisema, akaendelea kufinyanga.

Chuma kingine kiliagizwa Kigoma mjini, mvua zikakata barabara, mwezi ukaisha. Bamba la pili baba alilipima kwa udongo mbichi, papo hapo, na lilikaa kama mkono ndani ya mfuko. Tulikwenda nalo Kibondo, baba kwenye usukani, muuza duka kando yake, mimi nimejikunja nyuma ya viti. Gari liliunguruma hata ng'ombe wakakimbia na kamba zao. Watoto walilifukuza kila kijiji, na baba alikuwa akicheka, meno yote nje, sijapata kumwona vile tena. Tulipofika dukani muuza duka alishuka, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Kazi umeifanya, fundi, wallahi umeifanya. Lakini kaka keshapata mtu. Ndivyo Mungu alivyopenda."

Mimi nilijua nani aliyependa. Nilifurahi, tena sana, na usiku nililia.

Baba hakuondoka tena. Aliniona namaliza shule, akanioza, akazeeka akitengeneza pikipiki, kwa kuwa ndizo zilizobaki kutengenezwa. Hakulalamika. Ila kila mtu aliyerudi kutoka Dar es Salaam alimkaribisha kiti na kumwuliza: huko karakanani chuma wanakitoboa kwa mashine gani? Inakwenda yenyewe, au bado mtu anazungusha? Alikuwa akisikiliza majibu akiwa ameinamisha kichwa. Alifariki miaka minne iliyopita na sikumwambia. Kila nilipotaka kumwambia, palikuwa na chai ya kumimina au mjukuu wa kumshika.

Gereji sasa ni duka la simu. Kwenye shimo la fundi wamemwaga zege. Uchanja wa bibi hauna hata alama, na bondeni hakuna anayechimba udongo. Watu wanachota maji kwa ndoo za plastiki, nami nazo ninazo tano. Gari lenyewe, nasikia, liliuzwa, aliyelinunua akaliuza tena, na sijui nundu ile ya madebe imeishia kwa nani.

Shangazi aliniona nimeduwaa na mtungi mikononi.

"Hicho chuma wanunuzi wa chuma chakavu wamekitaka mara ngapi," alisema. "Mama alikataa katakata. Alirudi nacho toka Kasulu kichwani, mzee vile, eti hiki ndicho kilichonishikia mwanangu."

"Alisema lini hivyo?"

"Mbona kila siku. Kila akichota maji."

Nikautua mtungi chini. Nilikuwa nimesahau jambo ambalo kila mtoto wa mfinyanzi analijua: udongo ukiuanika juani ghafla, hupasuka. Zile chapa, kama zingebaki pale nilipoziweka, zingepasuka kabla ya jioni. Baba angezitupa, angerudi kwenye katoni, na chuma chake kimoja kingesalimika. Ni kivuli kilichozikausha bila ufa. Ni nyasi zilizozipunguza sawasawa pande zote, mpaka zikamdanganya fundi. Miaka yote hii nimejiona mwizi peke yangu, na kumbe mimi nilinyamaza tu. Bibi alifanya kazi.

Sikumwambia shangazi. Aliniuliza kama nataka kuondoka nalo, nikakataa. Tulilisogeza mpaka penye sakafu ngumu, tukaurudisha mtungi juu yake, ukakaa bila kutikisika. Kati ya vyote alivyovichonga baba, nilichokiona kimebaki ni hicho tu, na waliokikosesha ni wale wawili waliompenda kuliko wote.