Blogu ya Fundi Baiskeli Iliyokutanisha Kwaya Nne

Kompyuta hana. Kinanda hana. Cheti cha muziki hana, na darasa lake la mwisho ni la saba. Gari la kuwazungukia wanakwaya wake hana, wala nauli ya kuwafuata kila wiki. Simu anayo, ila kioo chake kimepasuka kutoka pembe hadi pembe.

Saa moja asubuhi, Lameki Buberwa (54) amechuchumaa mbele ya baiskeli iliyopinduliwa, kando ya barabara ya Kashai, mjini Bukoba. Anazungusha gurudumu, anakaza spoki, anazungusha tena. Huku anaimba besi kwa chini chini. Mteja wake, mchuuzi wa ndizi kutoka Nyanga, anamuuliza kama anatengeneza baiskeli au anaibariki.

"Vyote," anajibu Lameki bila kuinua kichwa. "Ya kubariki sitozi."

Kuziba pancha ni shilingi elfu moja, na siku ya mvua anaweza kurudi nyumbani Kagondo mikono mitupu. Lakini mwaka huu wimbo alioutunga mtu huyu, "Nyumba Hii Tumeijenga", uliimbwa na kwaya nne kwa pamoja, kanisa jipya la Kilutheri lilipowekwa wakfu katika kijiji kimoja wilayani Muleba. Kabla ya siku hiyo kwaya hizo zilikutana mara moja tu. Wimbo zilijifunzia kwenye blogu ya bure.

Haikuwa rahisi. Mwenyekiti wa kamati ya sherehe, Mzee Rutaihwa, aliweka sharti mapema: kama siku ya mazoezi ya pamoja wimbo huo hautashikamana, utaachwa, na kwaya zitaimba wimbo wa zamani wa kitabuni. Lameki hakuwahi kutungia siku kubwa kama hiyo. Alijua kwamba ukiachwa, hataombwa tena.

Kwanza alituma picha za nota kwa simu. Picha zilififia, nyingine zikafutwa simu zilipojaa. Kila aliposahihisha mstari, kwaya moja ilibaki na nakala ya juzi na nyingine na ya wiki iliyopita.

Ndipo Nancy, mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala mkabala na banda la Lameki, akamweleza habari za blogu. Alimwambia ni kama ubao wa matangazo wa usharika: unasahihisha mara moja, wote wanaona. Majukwaa ya bure yapo mengi, achague.

Lameki alichagua lililopendeza macho. Siku ya pili, chini ya ubeti wa kumshukuru Mungu lilitokea tangazo la kubeti, na mama mmoja wa kwaya yake akauliza kama siku hizi wanauza mikeka. Akahamia jukwaa la pili, lisilo na matangazo. Aliandika wimbo wote kwenye kompyuta ya Nancy, akaona umenyooka, akaenda zake nyumbani ameridhika.

Wiki mbili kabla ya mazoezi ya pamoja, Kokwijuka, mkulima wa kahawa na migomba anayeongoza kwaya mojawapo ya Muleba, alimpigia simu. Aliiweka simu juu ya benchi, kwaya ikaimba. Watu wa besi waliingia peke yao kabla ya wenzao, kwa nguvu, tena kwa furaha.

"Mwalimu, tumeimba ulivyoandika," alisema Kokwijuka.

"Mimi sikuandika hivyo, mama."

"Waitu," alisema, akimwita kwa heshima ya Kihaya, "fungua usome mwenyewe."

Alifungua. Nota za sol-fa, zile za do, re, mi zinazoandikwa kwa herufi, husimama kwa safu: kila herufi chini ya mwenzake, na kila pigo katika nafasi yake. Wimbo ulionyooka kwenye kompyuta, jukwaa lile lilikuwa limekula nafasi zote ulipofika kwenye simu. Nota zilibanana kama mbuzi kwenye pikapu, na kila kwaya ilikuwa imekisia kivyake.

"Nilikaa pale kwenye tairi nikajisikia mdogo," anasema Lameki. "Nikajiambia, gurudumu huwa silitoi bila kulizungusha. Hili nimelitoaje bila kulijaribu?"

Tangu hapo hakuchagua tena kwa macho. Aliandika mstari uleule kwenye kila jukwaa la bure ambalo Nancy alilijua, akamwomba Kokwijuka aufungue kwenye simu yake ndogo, huko huko shambani, na kuuimba. Jukwaa moja halikufunguka kabisa. Jingine lilimaliza bando kabla ya kiitikio. La tatu lilikuwa na sehemu inayoacha maandishi jinsi yalivyopigwa, herufi zote zikiwa na upana mmoja kama za taipureta, na liliruhusu kupakua kazi yote na kuitunza.

Kokwijuka aliuimba mstari kutoka mwanzo hadi mwisho. Kila pigo lilikaa mahali pake.

"Hilo hilo," Lameki alimwambia Nancy. "Usiguse kitu."

Siku ya mazoezi, Mzee Rutaihwa alikaa mbele, kitabu cha nyimbo kikiwa mkononi. Kwaya nne ziliingia pamoja kama watu waliolelewa nyumba moja. Ubeti wa mwisho ulipofika, watu wa besi wa Kokwijuka walisahau masahihisho na kuingia mapema, kama walivyozoea. Kanisa zima likamtazama Lameki.

Alinyanyua mkono, akafikiri, akawaomba warudie vilevile, na besi wa kwaya zote wawafuate. Sauti zile nzito zilitangulia, nyingine zikaja juu yake kama paa juu ya ukuta. Jioni ile alisahihisha blogu mara moja, na wote wakaona.

"Kitabu nilikwenda nacho na nilirudi nacho, sikukifungua," anasema Mzee Rutaihwa. "Na siku ya sherehe nilikiacha nyumbani."

Sasa Lameki anakusudia kuweka kwenye blogu hiyo nyimbo zote za marehemu baba yake mdogo, mwinjilisti aliyemfundisha nota, ambazo hazijawahi kuchapwa.

Kabla ya hapo ana kazi moja. Kwaya ya Biharamulo imeuona wimbo mtandaoni na inataka kuuimba, lakini usharika wao unataka ruhusa ya maandishi, yenye sahihi. Lameki anafuta grisi mikononi na kuandika juu ya sanduku la spana. Anawaruhusu bure, kwa sharti moja: ubeti wa mwisho besi watangulie, na itajwe kwamba ndivyo walivyoimba watu wa Muleba.

Anaisoma tena kwa sauti, polepole, kila neno. Kisha analamba ukingo wa bahasha, anaubana kwa kidole gumba, na kumkabidhi kondakta wa basi la Biharamulo linaloanza kuondoka.