Mluzi wa Baba Kwenye Gemu

"Ni gemu tu." Maneno hayo nimeambiwa na watu wengi, na kila nikiyasikia natamani kumrushia msemaji kitu kizito. Nimeambiwa na dada yangu, nimeambiwa na wateja wanaokuja kutoa fotokopi, na nimeambiwa na mtu niliyeitengeneza naye hiyo gemu. Huyo ndiye aliyeniudhi kuliko wote. Naandika hapa kwa sababu nikieleza kwa mdomo naishia kupiga meza.

Tulikuwa wawili. Mimi nina kibanda cha fotokopi na kuchapa barua Mpanda mjini. Mwenzangu anafundisha kompyuta kwenye shule moja ya watu binafsi. Tulisoma chuo pamoja, tukalala chumba kimoja miaka miwili, tukaazimana nguo mpaka tukasahau ipi ya nani. Yeye ni mtoto wa wakulima wa mpunga wa Kibaoni, mimi ni mtoto wa mfugaji. Baba alihama kutoka kaskazini na ng'ombe wake kabla sijazaliwa, akajenga nje kidogo ya Misunkumilo, na hadi leo kuna watu wanamwita mgeni, ingawa mama yake, mke wake na watoto wake wawili amewazika katika ardhi hii. Chuoni mimi na mwenzangu hatukuzungumza mambo ya wakulima na wafugaji. Tulikuwa na njaa na mitihani ya kuzungumzia.

Shindano lenyewe lilikuwa la mtandaoni. Unapewa neno moja Ijumaa saa tisa alasiri, na hadi Jumapili saa tisa alasiri uwe umetengeneza gemu inayotokana na neno hilo, yaani picha, sauti, kila kitu. Ukichelewa dakika moja, haipokelewi. Tulishawahi kujaribu mara mbili, na mara zote mbili muda ulituishia. Safari hii tuliapa kumaliza, tukakutana nyumbani kwake. Neno lilipotoka lilikuwa "Linda".

Wazo lilinijia palepale. Mchungaji anawapeleka ng'ombe wake kunywa maji kwa njia nyembamba, kulia mashamba, kushoto mashamba. Ng'ombe wakiona mahindi wanataka kuingia. Ukibonyeza kitufe, mchungaji anapiga mluzi na aliyepotoka anarudi njiani. Ukifika mtoni bila jani la mtu kuliwa, umeshinda. Niliona kwamba hapo analinda pande zote mbili, ng'ombe wake na mashamba ya wenzake. Mwenzangu alisema, "Iko poa," akafungua kompyuta akaanza kuchora. Sikugundua kwamba hakusema zaidi ya hapo. Nilikuwa na furaha mno, na mtu mwenye furaha hasikii vizuri.

Mluzi ungeweza kupatikana bure kwenye intaneti. Nilikataa. Baba ana mluzi wa kila kazi, wa kuanza safari, wa maji, wa kurudi. Ule wa kurudi una sauti tatu, na ya mwisho inapanda kisha inakatika ghafla. Mimi siuwezi. Mama alinikataza kupiga mluzi nikiwa mdogo, kwamba si tabia ya mtoto wa kike, na midomo yangu ikabaki mijinga mpaka leo. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi nikapanda bodaboda kwenda kwa baba.

Nilimkuta zizini anakagua mguu wa ndama. Ananiita mayu, yaani mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

"Huo mluzi unaupeleka wapi, mayu?"

"Kwenye gemu, baba. Watu watacheza kwenye simu. Wewe utakuwa unaita ng'ombe."

"Ng'ombe wa kwenye simu?"

"Ndiyo."

Akamwachia ndama mguu. "Maji wanakunywa?"

"Wanakunywa."

Akaridhika. Alivua kofia, akajifuta midomo, akapiga mluzi mara nne, na mara zote nne ng'ombe wake waliinua vichwa wakaanza kutusogelea. Ilibidi awafukuze ili kwato zisisikike kwenye rekodi. Nilipokuwa napanda bodaboda akaniambia, "Waambie huko kuwa ni mimi." Nikamwahidi kwamba jina lake litaandikwa mwishoni, pamoja na yetu.

Mchana huo niliuweka mluzi ndani ya gemu. Mwenzangu alipousikia mara ya kwanza aliacha kuchora. Nikamuuliza anauonaje. Akasema unasikika vizuri.

Jumapili asubuhi ilibaki kazi ya kupima na kurekebisha vitu vidogo. Mimi ni mwanakwaya, na zamu yetu ya kuimba ilikuwa siku hiyo. Nikamwachia kompyuta yangu, nikaenda kanisani. Niliporudi ilikuwa imetimu saa sita na nusu, bado nimevaa sare ya kwaya. Akanisogezea kiti akasema, "Hebu jaribu."

Njia yangu haikuwepo tena. Kioo kizima kilikuwa jaruba la mpunga, na katikati amesimama mwanamke aliyejifunga kitenge. Ukibonyeza kitufe, mwanamke anarusha jiwe. Mchungaji alikuwepo, na kofia ileile, na katambuga zilezile za matairi ambazo mimi mwenyewe nilimwelekeza azichore kama za baba. Ila sasa hukumwongoza wewe. Alikuja mwenyewe na ng'ombe kutoka pembeni ya kioo, na kabla hajatokea unasikia mluzi, sauti tatu, ya mwisho inapanda na kukatika. Hapo unatakiwa ukimbilie ulikotokea mluzi umpige mpaka aanguke. Ukichelewa, mpunga unaliwa na kioo kinakuwa cheusi.

"Umefanya nini?" nikauliza.

"Nimewapa majirani wajaribu. Ile ya mwanzo walisema inaboa, haina adui. Sasa ina adui."

"Adui ni baba yangu."

"Ni mchoro. Ni gemu tu."

Nilimtolea maneno ambayo mengine siwezi kuyaandika, mengine ya Kisukuma ambayo hakujua maana yake, lakini nadhani ujumbe ulifika. Nilimwambia baba hajawahi kuingiza hata ndama kwenye shamba la mtu. Nilimwambia ametukanwa sokoni, amerushiwa matope barabarani, yote kwa makosa ya watu asiowajua. Nilimwambia kwamba chuoni, kila nikitoka likizo, alikunywa maziwa ya ng'ombe haohao, na kikombe akalamba.

Alinisubiri nimalize. Hakupandisha sauti.

"Tukiwa mwaka wa kwanza, mpunga wa mama uliliwa wote kwa usiku mmoja. Mimi nilikuwepo nyumbani. Tulisikia mluzi, tukajua ni mtu anapita tu. Asubuhi shamba limebaki matope. Mama alikaa chini kwenye tuta hadi jua likawa kali. Nikarudi chuo, nikakukuta umekuja na maziwa. Ukanimiminia."

"Siyo baba."

"Najua siyo baba yako. Nyie wafugaji kila mmoja siyo yeye. Sasa mimi nimkasirikie nani?"

Swali hilo liliniongezea hasira. Nilimkasirikia kwa kuifungia habari hiyo miaka yote, kisha kunimwagia zikiwa zimebaki saa mbili. Niliwakasirikia wale wachungaji wa usiku, popote walipo, wanaompaka baba yangu matope wakati yeye amelala. Nilimkasirikia mwalimu wa kwaya pia, maskini, ambaye hakuwa na kosa lolote.

Nakala ya jana yake nilikuwa nayo kwenye flashi. Kompyuta ilikuwa yangu, na tulijiandikisha kwa jina langu. Mwenzangu alilijua hilo. "Amua wewe," akasema, akatoka nje akaanza kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Nilicheza ya kwake tena nikitafuta kasoro, nipate sababu ya kuitupa. Sikuipata. Mluzi ulipolia upande wa kushoto, moyo uliniruka. Mimi, mtoto wa mpiga mluzi, niliyekua nikiisikia sauti hiyo kila jioni, nilikimbilia kushoto nikampiga. Ukalia kulia, nikampiga. Niliendelea hadi hatua ya tano bila kupumua sawasawa. Kisha nikafungua ile yangu. Ng'ombe walitembea, wakanywa maji, ikaisha. Majirani walikuwa wamesema kweli, na hao nao niliwachukia.

Saa tisa kasoro dakika kumi nilituma ya kwake. Hakuna aliyenishika mkono. Nilitaka tumalize, na zaidi ya hapo nilitaka kusifiwa, na ninajichukia ninapoandika sentensi hii. Kwenye orodha ya majina mwishoni nilifuta la baba. Nilijiambia namsitiri.

Tulisifiwa. Hatukushinda, lakini tulitajwa miongoni mwa gemu zilizotumia sauti vizuri. Watu nisiowajua waliandika kwamba ule mluzi unawatisha. Mmoja akauliza tumeutoa wapi, na mwenzangu akamjibu kwamba tumerekodi wenyewe.

Bado tunasalimiana. Akitoka Kibaoni ananiletea mchele, naupokea, napika, nakula nimenuna.

Kwa baba nilikwepa kwenda zaidi ya mwezi. Nilipokwenda ilikuwa asubuhi, ng'ombe bado wako zizini, na swali lake la kwanza baada ya salamu lilikuwa hilohilo.

"Ile kazi ya mluzi iko wapi, mayu?"

Nilikuwa nimepanga kumwambia imeshindikana. Lakini alishanyoosha mikono yote miwili kupokea simu, kama mtu anayepokea mtoto mchanga, nikashindwa. Nikaifungua nikampa.

Mluzi ukalia. Zizini vichwa vikainuka. Ng'ombe mmoja akageuka, kisha wengine, wakatusogelea mpaka wakabanana kwenye miti ya zizi, wote wanaitazama ile simu. Baba alicheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu mama afariki.

"Wamenijua," akasema.

Kisha akaisogeza simu karibu na macho. Mtu mwenye kofia alikuwa anaingia kutoka pembeni, ng'ombe wakiwa mbele yake.

"Na huyu ni nani?"

"Mwizi, baba."

"Sasa unangoja nini?" Akanirudishia simu haraka. "Mpige, mayu, kabla hajawafikia ng'ombe."

Nikampiga. Baba alisimama begani kwangu akihesabu mawe, mpaka yule mtu akaanguka.