Weupe Ulionila Meno

Wapendwa, mnanijua: mimi ndiye yule mama wa Keshero, hapa Goma, anayecheka mpaka jirani anagonga ukuta. Lakini kabla sijaolewa nilikuwa nacheka mkono ukiwa mdomoni. Meno yangu yalikuwa ya kahawia, kama ya wengi waliokunywa maji ya upande huu tangu utoto, nami niliona aibu sana.

Ukoo wa mchumba wangu ulipotuma habari kwamba unakuja kuleta mahari, shangazi yangu alishuka kutoka Masisi na dawa yake. Alisaga jiwe jeusi la volkano, akachekecha unga wake kwa kitambaa, akaukamulia ndimu.

"Sugua na nguvu, mutoto wangu. Bale batu bataangalia kinywa kwanza."

Nikasugua asubuhi na jioni. Na meno yakawa meupe kweli! Meupe kama chokaa, bila kung'aa. Nilishangilia. Sikujua kwamba huo weupe ndio ugonjwa wenyewe.

Kisha maji baridi yakaanza kunichoma hadi sikioni. Nikivuta pumzi kwa mdomo, machozi yananitoka. Siku moja niliuma hindi la kuchoma, na ncha ya jino la mbele ikabaki kwenye hindi. Mama akashika kichwa.

"Twende kwa ule muzee wa soko, ayang'oe yote," alisema. "Nimechoka kukuona unateseka."

Muzee huyo alikuwa na koleo moja kwa vinywa vyote vya Goma. Bibi harusi kibogoyo! Nililia, nikakataa, nikamvuta mama hadi hospitali.

Daktari wa meno alipitisha kichuma chenye ncha juu ya meno yangu. Kikakwama. Akakunja uso.

"Citoyenne," akaniita kwa Kifaransa, kama mwananchi wa kike anavyoitwa, "unakulaka mawe?"

Mama akamweleza yote. Daktari akaweka kichuma mezani.

"Madini yenye inakazaka jino imetoka," akasema. "Penye pamevunjika hapatarudi. Penye pamelainika panaweza kukaza tena, kama utaacha ile jiwe. Kama hautaacha, tutang'oa."

Akanipaka dawa ya floridi, madini ya kukaza meno. Akaniamuru nitumie mswaki laini na dawa ya meno yenye floridi. Nikila kitu kichachu, nisukutue kwa maji, nisipige mswaki papo hapo. Na baada ya chakula nile kipande cha fromaji, yaani jibini, ya Masisi. Shangazi, ambaye kwao wanaitengeneza kila siku, ndiye aliyeniletea.

Mahari ililetwa nikiwa nimefunga mdomo. Wageni walisifu adabu yangu. Adabu gani? Niliogopa upepo usiingie.

Niliporudi hospitali miezi kadhaa baadaye, daktari alichukua kile kichuma. Nilifumba macho, nikambana mama mkono mpaka akalalamika. Kichuma kikapita, kikateleza, hakikukwama popote.

"Imekaza," alisema. Nililia kwa furaha palepale kwenye kiti.

Namshukuru Mungu, namshukuru yule daktari, na mama aliyekubali kuniacha na meno yangu. Yamerudi kahawia, na moja lina pengo. Dada zangu, rangi haiumi. Lakini ukiona jino limegeuka jeupe ghafla kama chokaa, usishangilie kama mimi. Kimbia hospitali likiwa bado kinywani.