Sauti ya Ramazani Ndani ya Muchezo Wetu

Ile siku nikiifikiria, hata sasa uso unaniwaka, na kama si nyinyi wenzangu munaoniuliza kwa nini studio yetu ya michezo ya simu ilikufa, ningenyamaza.

Tulikuwa wawili tu, mimi na Amisi, hapa Kasongo, katika chumba nyuma ya duka la baba mudogo (yeye ndiye aliyekuwa na umeme wa jua), na muchezo wetu wa kwanza ulikuwa wa muchimbaji wa dhahabu: anashuka shimoni, anajaza mufuko, ukikosea kidogo anaanguka, udongo unamufunika, basi. Sauti ya kuanguka tuliiomba kwa Ramazani, kaka mukubwa wa Amisi, aliyekuwa anachimba kweli kule Lusangi, naye akaitia kwenye simu yangu huku anacheka: "Vuteni kamba! Niko huku chini!"

Mvua zikaja, shimo la Lusangi likamufunika Ramazani mwenyewe. Hawakumutoa. Mama yao akakataa matanga yaishe, alisema hajaona maiti, na wazee walimubembeleza sana mpaka akakubali isomwe khitma.

Sasa mimi, na kichwa changu kibovu, nikawaza: picha nzuri za marehemu ziko kwangu, ndani ya ordinatere, ile kompyuta yetu ya kazi, niwapelekee siku ya khitma wazione. Mpaka hapo hakuna ubaya. Lakini nilipoona watu wamejaa uani, na bafle, ile spika kubwa ya kusomea dua, liko pale pale, nikataka waone na kazi yetu (ni kuringa tu, niseme nini), nikaunga waya, nikafungua muchezo kwanza kwa sababu tuliandika jina la Ramazani mwanzoni, na kwa kutazamwa vile nikakosea, muchimbaji akaanguka.

"Vuteni kamba! Niko huku chini!"

Mama akasimama.

"Si niliwaambia? Mutoto wangu iko muzima, iko anaita."

Wanawake wakaanza kulia upya, kijana mumoja akaenda kuwasha pikipiki akimbie Lusangi, na mimi nahangaika na ile mashine, badala ya kuzima nikaanzisha tena, Ramazani akaita mara ya pili. Amisi hakunitazama. Ikabidi nisimame mbele ya watu wote nieleze kwamba ni muchezo (jaribuni nyinyi kueleza kitu kama hicho mbele ya shehe).

Mama alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na akiita hivyo, wanamuvuta?"

"Hapana, mama. Akianguka, muchezo unaisha."

"Nyinyi wenyewe ndio mulimutengeneza hivyo?"

Amisi aliacha studio siku ile ile, na mimi nimeapa sitatia tena sauti ya mutu yeyote ndani ya muchezo. Mama peke yake ndiye anakuja bado, kila Ijumaa, anakaa karibu yangu, namuachia muchimbaji aanguke. Juzi nikamuambia nitaweka kamba ndani ya muchezo, ili tumuvute. Akanishika mukono.

"Usiweke, baba. Ukimuvuta, hataita tena."