Sababu Nne za Kuja Kumzika Doreng

Jocelle Bantigue alikula mkate wake kwa kuandika mambo ambayo kila mwenye akili timamu anayajua. Namna ya kuchemsha yai. Kwa nini mbwa wako anakoroma. Godoro lako linanuka? Fanya hivi. Alikaa chumbani kwake Dumaguete, Ufilipino, feni ikimpuliza mgongoni, akiandikia tovuti za bosi aliyekuwa Australia. Bosi huyo alikuwa na sheria moja tu: mwandikie mtu aliyechoka, simu mkono huu, mtoto anayelia mkono ule. Ukimchosha kidogo tu, kakukimbia.

Mama yake, akiulizwa binti anafanya kazi gani, alijibu, "Anafundisha wazungu kuchemsha maji," kisha akauliza bei ya mchele. Jocelle mwenyewe aliona haya. Moyoni alijiona mwandishi hasa, ila njaa ndiyo imemfunga kwenye magodoro.

Basi shangazi yake Doreng akafa. Doreng muuza samaki, mwanamke mwenye mdomo, jamani, mdomo! Sokoni hapakuwa na mtu ambaye hajapewa vidonge vyake. Binti yake Nenita, mpole mpaka anakera, akamjia Jocelle macho yamevimba.

"Dada, wewe ndiye mwandishi. Tutangazie msiba mtandaoni. Naogopa watu hawatakuja. Mama kamtukana kila mtu."

Jocelle akaona siku yake imefika. Akamwaga ufasaha wote aliokuwa akiuweka akiba: machweo ya uhai, bustani ya milele, malaika kwa vikosi. Msiba uko nyumba gani na mazishi ni lini, hayo aliyatupa huko chini kabisa, baada ya malaika.

Watu wakaona picha ya marehemu, wakaweka vile viganja vya kuomba, wakaandika pumzika kwa amani, wakarudi kwenye wali wao. Wameshahudhuria, si ndiyo?

Kwao nyumba yenye maiti haifagiliwi mpaka maiti atoke, kwa hiyo maganda ya karanga za wageni ndiyo heshima ya marehemu. Siku ya pili sakafu ya Doreng ilikuwa inang'aa. Jeneza katikati ya sebule, meza ya karata za mkesha haina mtu, kahawa imepoa kwenye birika.

"Wameleta viganja," Nenita alisema. "Miguu hakuna aliyeileta."

"Watakuja tu."

"Lini? Mama yangu azikwe na mimi na padri, kama mwizi?" Akaanza kulia. "Hata mimi sijamaliza kulisoma lile tangazo lako, dada. Nilisinzia kwenye malaika."

Jocelle alitamani ardhi ipasuke. Msiba wa mtu ameugeuza jukwaa la kujionyesha! Akaenda uani, akafuta malaika wote, akaandika vile anavyoandika magodoro:

"Doreng wa samaki amekufa. Sababu nne za kuja leo.
Moja: ni kweli amekufa. Tumehakikisha.
Mbili: karata zipo, na kahawa ya moto.
Tatu: aliwahi kukutukana? Njoo useme alikuambia nini. Safari hii hajibu.
Nne: binti yake yuko peke yake.
Nyumba ya bluu, nyuma ya soko. Mazishi Jumapili."

Haikuchukua muda simu ikalia. "We mtoto una wazimu?" mama yake alifoka. "Hilo tangazo la msiba au la mnada?"

"Nitakupigia, mama. Watu wanaingia."

Waliingia kweli. Mchinjaji alisema Doreng alimwambia ana sura ya nyama iliyobaki jioni. Padri aliambiwa mahubiri yake yanachacha kabla ya samaki. Watu wakagombea zamu ya kusimulia, wakicheka mpaka wanashikana mabega, na maganda yakafunika sakafu.

Ndipo akaingia Nang Bebing, muuza samaki wa meza ya pili sokoni, ambaye na Doreng walikuwa hawajasalimiana miaka mingi. Akaenda mpaka jenezani.

"Doreng. Mizani yako ilikuwa ya wizi, na ulijua."

Akangoja. Akainama karibu na kioo cha jeneza.

"Si nasema na wewe? Nijibu basi. Nijibu, mshenzi we!" Sauti ikamkatika.

Nenita, ambaye hajawahi kumfokea hata kuku, akainuka. "Na wewe, Nang Bebing, samaki wako walikufa zamani kuliko mama yangu!"

Nang Bebing akageuka taratibu. "Rudia."

Nenita akarudia, kwa sauti zaidi, mkono kiunoni. Bibi yule akamvuta kifuani, wakalia kilio kilichowafanya wacheza karata waziweke chini karata zao. Jocelle naye alilia, tena bila haya.

Jumapili Nang Bebing hakufungua meza. Alitembea nyuma ya jeneza, kamshika Nenita mkono, akimtukana Doreng njia nzima kwa sauti ya chini.