Siku Nilipogonga Fimbo Mbele ya Mkaguzi

Ipo siku moja, mjukuu wangu, naikumbuka kila nikisikia kijana akisema Kiingereza cha mbele ya watu kinamtetemesha. Umekuja kutoka chuoni, kule Kahawa Wendani, na macho mekundu, eti Alhamisi utasimama mbele ya maprofesa ueleze utafiti wako, na wenzako wameshayacheka matamshi yako. Kaa chini. Chai iko.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza walipokuwa wakipigana na Mau Mau. Nilikuwa namaliza shule hapa Thika, na mama yangu alichuma kahawa kwenye shamba la mzungu kule Ruiru. Chuo cha ualimu kilikuwa na nafasi moja tu kwa msichana wa shule yetu. Kuipata, ilibidi nisimame mbele ya mkaguzi wa kizungu nieleze somo kwa Kiingereza, wazazi wakiwa wamekaa nyuma. Nikiikosa, kikapu cha kuchumia kilikuwa kinaningoja. Nilichagua kueleza kahawa inavyotoka mtini mpaka inapokauka, maana hiyo niliijua kwa mikono yangu.

Mama alinyimwa ruhusa shambani, akaja guka, babu yangu. Alikuwa mzee wa kiama, lile baraza la wazee wetu. Askari wa langoni akamnyang'anya fimbo yake ya kiama, eti ni silaha. Guka akaingia mikono mitupu, akakaa benchi la mwisho. Kiingereza hakujua hata cha salamu.

Nikaanza. Sentensi ya pili tu, mkaguzi akamgeukia mwalimu mkuu, akacheka nilivyotamka. Mwalimu mkuu naye akacheka, kwa woga. Mimi nikaongeza mbio, niyamalize maneno niketi, na kadiri nilivyokimbia ndivyo walivyocheka. Usidhani niliona haya. Nilikasirika, mwanangu, nilikasirika mpaka masikio yakawaka!

Ndipo nikamwona guka kule nyuma, ngumi ameikunja juu ya goti kana kwamba bado ameishika ile fimbo. Nikakumbuka anavyosema kiamani. Anasema jambo moja, anagonga fimbo chini, ananyamaza mpaka wenzake waitikie, "Ii," yaani ndiyo, ndipo aende kwa la pili. Wasipoitikia, hasogei. Fimbo hiyo mwanamke hakuruhusiwa kuishika, lakini siku hiyo sikumwomba mtu ruhusa.

Nikachukua fimbo ya mwalimu ya kuonyeshea ubaoni, nikaigonga sakafuni. Wakanyamaza. Nikaanza upya tangu neno la kwanza, kwa matamshi yangu yale yale. Nikaeleza kuchuma, nikagonga, nikamtazama mkaguzi machoni, nikangoja.

"Ii!" Sauti ya guka.

Nikaeleza kumenya maganda, nikagonga. "Ii!" Sasa walikuwa wazazi watatu. Kuloweka, kuosha, kuanika. Nilipofika mwisho benchi zote za nyuma zilikuwa zinaitikia, na mkaguzi hakuwa anacheka tena.

"Nani amekufundisha kusema hivyo?" akaniuliza.

"Babu yangu, bwana," nikamjibu kwa Kiingereza hicho hicho. "Fimbo yake iko kwa askari wako pale langoni."

Mwalimu mkuu akafumba macho. Lakini guka alirudi Ruiru na fimbo yake, na nafasi nikaipata mimi.

Njiani nilimuuliza, "Guka, ulielewa?"

"Aca, mwari wakwa," akasema, yaani la, binti yangu. "Sikuelewa hata kidogo. Lakini kila ulipomaliza jambo, nilijua."

Basi Alhamisi usiazime ulimi wa mtu. Kiingereza ulichonacho kinatosha kueleza kazi uliyoifanya mwenyewe. Sema jambo moja, nyamaza, watazame hao maprofesa mpaka liingie, kisha uende kwa la pili. Wakicheka, wangojee wamalize, halafu uanze upya na usiombe radhi. Ukikimbia unawapa nafasi yako bure, na mimi sitaki kusikia umewapa.

Mungu akupe pumzi ndefu na magoti magumu. Akupe sauti ifike mpaka ukutani, na hata wasiokutaka wakuitikie. Nami nitakuja, nimeshamwambia mjomba wako anilete. Kiingereza siku hizi kinanitoroka, lakini nitakaa benchi la mwisho. Wewe gonga tu.