Nzi Wenye Manyoya wa Mgwashi

Evelina wa Mgwashi, kijiji cha milimani, amelima karoti na kabichi tangu usichana wake, na miaka yote hiyo vijidudu vya kwenye mboji alivifukuza kwa kanga tu. Mwaka jana alinunua kilenzi cha kubana kwenye simu ili akague magonjwa ya majani. Siku moja akakielekeza kwa kijidudu kilichotua juu ya ganda la ndizi, akashtuka. Kilikuwa kidogo kama punje ya ufuta, lakini kimejaa manyoya mwili mzima, mpaka kwenye mabawa.

Akaituma picha kwa Alen, bwana shamba wao, kisha akampigia.

"Bwana shamba, hiki ni nzi au nondo?"

"Ni nzi, mama, ila kwa manyoya hayo wanaitwa nzi-nondo. Funza wao wanakula uozo, kabichi zako hawazigusi. Lakini picha ina ukungu. Wataalamu watataka kuona mishipa ya mabawa, na vipapasio pingili kwa pingili."

Hapo ndipo Evelina alipokolea. Aligundua kwamba asubuhi za baridi nzi hao huzubaa, hawaruki ovyo. Basi akawa anatoka kabla ya chai, anatandika gunia, analala kifudifudi, pumzi ameibana.

Asubuhi moja jirani yake, Bibi Mwanaidi, akaona miguu miwili imenyooka kando ya lundo la mboji, haitikisiki.

"Jamani, njooni! Evelina ameanguka!"

Watu wakaja mbio, mmoja na jembe begani. Evelina hakuinuka, maana nzi ndiyo kwanza alikuwa ametulia. Akasema polepole, bila kugeuka:

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekufa au hujafa?"

"Sijafa, bibi. Napiga picha."

Walicheka mpaka mwenye jembe akakaa chini. Kisha simu ikazunguka mkono kwa mkono. Safari hii vipapasio vilionekana vizuri, kama uzi wa shanga.

"Tazama koti lake!" akasema Bibi Mwanaidi. "Huyu baridi ya huku anaijua."

Wiki mbili baadaye Alen akaleta majibu ya wataalamu: jamii ya nzi huyo imetambulika, lakini jina kamili bado, mpaka wapate nzi wenyewe kwenye kichupa cha spiriti. Evelina akajaza vichupa viwili.

Bibi Mwanaidi naye akadai nzi wa kwake wapigwe picha pia, kwa sababu mboji yake ina samadi ya mbuzi. Kweli, walikuwa wa aina nyingine, wenye madoa meupe kwenye ncha za mabawa. Bibi aliwatangaza sokoni wiki nzima.